Njaa Ndani ya Maji Safi



Nimeombwa nizungumzie ufugaji wa samaki wa baharini nyumbani, hasa wale dhaifu, wanaokufa mikononi mwa mfugaji hata anapojitahidi. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la vifaa: pampu gani, kichujio gani, taa gani. Vifaa nitavigusa. Lakini imani yangu, baada ya kufuga kwa muda mrefu hapa Mombasa na kuwatazama wengine wakifuga, ni kwamba wengi wa samaki hawa hawauawi na maji mabaya. Wanauawa na njaa, tena ndani ya maji safi kabisa, mbele ya macho ya mtu anayewapenda. Kwa hiyo nitaanza na samaki mmoja ambaye riziki yake haiuzwi dukani.

Ni samaki mdogo, mwembamba, mara nyingi hazidi sentimita 10 au 12. Ana rangi ya samawati iliyopauka, na mstari mweusi unaoanzia mdomoni na kupanuka kadiri unavyoelekea mkiani. Aliyewahi kuvaa miwani ya kuzamia Watamu, Kisite au Mnemba amemwona. Yupo Bahari ya Shamu, yupo Maldivi, yupo Indonesia na Australia. Jina lake la kitaalamu ni Labroides dimidiatus. Mimi leo nitamwita msafishaji, kwa kazi yake.

Msafishaji ana kituo chake kwenye mwamba wa matumbawe, na wateja wanamfuata hapo hapo: chewa, changu, pono, kangaja, hata mkunga. Mteja akifika husimama, hutandaza mapezi, hupanua matamvua, hufungua kinywa. Msafishaji huingia ndani ya kinywa cha samaki anayeweza kummeza mara moja, akala vimelea vilivyong'ang'ania humo, akatoka salama. Mwaka 1996 mtafiti Alexandra Grutter alichapisha hesabu alizofanya katika Kisiwa cha Lizard, Australia: msafishaji mmoja alikula kwa wastani vimelea 1,200 hivi kwa siku. Vingi ni vidudu vya ukoo wa kamba na kaa, vya milimita chache tu, vinavyotoka kwenye mchanga na matumbawe kunyonya damu ya samaki. Yaani riziki ya msafishaji huzaliwa upya kila usiku mwambani, huletwa na wateja wengi wa kila namna, na hulika kidogo kidogo toka alfajiri hadi magharibi.

Yapo mengine juu yake ambayo yananishangaza hadi leo. Redouan Bshary, aliyemchunguza kwa miaka mingi katika Bahari ya Shamu, pamoja na wenzake walionyesha kwamba msafishaji akiachiwa achague, hupenda zaidi kula ute unaofunika ngozi ya mteja kuliko vimelea. Kumng'ata ute ni kumdhulumu mteja, naye mteja anajua: humfukuza, au huondoka akatafuta kituo kingine. Mteja mpita njia, mwenye nafasi ya kwenda kwingine, huhudumiwa kwanza. Mkazi asiye na pa kwenda husubiri. Wanaishi dume mmoja na majike kadhaa, na dume akitoweka, jike mkubwa kuliko wote huanza kujiendesha kidume ndani ya saa chache, na kwa muda wa wiki mbili tatu huwa dume kamili. Nayataja haya kwa sababu mfugaji anayemnunua huyu hanunui pambo lenye mstari mweusi. Anamtoa kiumbe katika mtandao wa uhusiano anaoukumbuka na kuutegemea kwa chakula.

Sasa mweke kwenye tangi la lita 200 sebuleni, pamoja na samaki wengine watano. Siku ya kwanza atawapitia wote na kula vimelea walivyokuja navyo. Siku ya tatu au ya nne vimekwisha. Hakuna mchanga wa mwambani unaozaa vingine, hakuna mteja mpya. Kinachobaki ni ute wa wale watano, naye atauendea. Watamkimbia, watajificha nyuma ya mawe, wataacha kula kwa fadhaa, na ngozi iliyotobolewa itaingia maradhi. Msafishaji mwenyewe ataanza kukonda. Itazame sehemu ya nyuma ya kichwa, juu ya jicho: nyama ikididimia hapo na tumbo likiingia ndani, misuli imeanza kuliwa na mwili wenyewe, na utumbo uliokaa mtupu muda mrefu hauwezi tena kusaga chakula hata ukiletwa. Wapo wachache wanaojifunza kula kamba wadogo waliogandishwa. Wachache hao ndio wanaotajwa na wauzaji.

Kibaya zaidi ni kwamba watu wengi humnunua kama dawa. Samaki wao wametokwa na vidoa vyeupe, wakasikia kuna samaki anayekula vimelea, wakamkimbilia. Vidoa vile husababishwa na Cryptocaryon irritans, kimelea cha seli moja kinachojichimbia chini ya ngozi na ndani ya matamvua. Kimelea kilichofunikwa na ngozi ya mteja si chakula ambacho msafishaji anaweza kukitegemea. Kwa hiyo huyo anayeletwa kutibu hatibu, na yeye mwenyewe hupata vidoa na kufa pamoja na wagonjwa wake.

Nije kwenye maji, ambayo nakiri yamefanyiwa kazi kubwa na vizazi vya wafugaji. Mwaka 1846, London, Anna Thynne alichukua matumbawe madogo kutoka ufuo wa Torquay na kuyaweka nyumbani. Hapakuwa na pampu wala umeme. Mtumishi wake wa kike alisimama kwenye dirisha lililo wazi kila siku, akayamimina maji kutoka chombo hadi chombo kwa nusu saa na zaidi, ili yapate hewa. Jina la yule msichana halikuhifadhiwa katika historia, ingawa mikono yake ndiyo iliyoyaweka matumbawe hai. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilichowafanya Waingereza wengi watamani bahari ndani ya nyumba. Wengi walishindwa. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta akaeleza njia yake: kutia tangini mawe yaliyo hai kutoka mwambani, yenye viumbe vyake vyote, na kupuliza mapovu ya hewa polepole tu. Alikuwa karibu na bahari kama sisi, na aliona ambacho wenye vifaa vya gharama hawakukiona, kwamba jiwe lenyewe ndilo kichujio.

Linafanyaje kazi? Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Amonia ni sumu. Katika maji ya bahari, ambayo asidi yake ni ndogo, pH yake ikiwa 8.1 hadi 8.4, sehemu ya amonia iliyo katika hali kali ya sumu ni kubwa kuliko katika maji baridi ya mtoni. Bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hawa huzaana taratibu. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kabla ya kubeba samaki wa kwanza, na katika muda huo kazi ya mfugaji ni kupima na kungoja. Hakuna njia ya mkato. Anayejaza maji Ijumaa na kununua samaki Jumamosi amemwandalia sumu.

Kuna jambo la mwili wa samaki ambalo likieleweka, nusu ya mafunzo imekwisha. Damu ya samaki wa baharini ina chumvi kiasi cha theluthi moja tu ya ile ya maji yanayomzunguka. Kwa hiyo maji hutoka mwilini mwake daima kuelekea baharini. Samaki anaishi ndani ya maji huku akikauka. Ili asife hunywa maji ya bahari mchana na usiku, na chumvi ya ziada huisukuma nje kwa matamvua, kazi inayokula nguvu nyingi. Samaki aliyejeruhiwa matamvua, au aliyefadhaika, au aliyekosa chakula, hushindwa kazi hiyo hata kabla ugonjwa haujaonekana. Ndiyo sababu chumvi isiyumbe. Maji yakipungua kwa joto la Mombasa, kilichopaa ni maji matupu. Chumvi imebaki tangini. Anayejazia kwa maji ya bahari anaongeza chumvi juu ya chumvi. Jazia maji baridi yasiyo na klorini, kidogo kidogo kila siku, na upime kwa haidromita: 1.025 au 1.026 kwenye joto la digrii 25 ndiyo bahari yetu.

Na joto. Maji ya bahari yenye digrii 25 yaliyoshiba hewa hubeba oksijeni chini ya miligramu 7 kwa lita, wakati maji ya mtoni kwenye joto hilo hubeba zaidi ya 8. Kila digrii inayopanda hupunguza oksijeni na kuongeza mahitaji ya samaki kwa wakati mmoja. Katika nyumba zetu mwezi wa Machi, upepo wa kaskazi ukishalegea na kusi halijaingia, tangi hupita digrii 30 bila hita yoyote. Matumbawe ya Kenya yalipauka na kufa kwa wingi mwaka 1998 kwa joto la namna hiyo, yakiwa katika bahari wazi. Tangi halina kina cha kukimbilia. Ondoa kifuniko, elekeza feni juu ya uso wa maji, na uvukizi wenyewe utashusha digrii mbili au tatu. Umeme ukikatika usihangaike na taa wala na kichujio. Samaki kwanza wanataka uso wa maji utikisike. Pampu ndogo ya hewa ya betri inatosha, na ukiikosa, chota maji kwa kikombe na kuyamimina tena, kama yule msichana wa London.

Anayechota maji baharini, jambo ambalo ni neema tuliyo nayo watu wa pwani, achote wakati maji yanajaa, mbali na milango ya hori na mitaro ya mji, na asichote baada ya mvua kubwa za masika. Wenzetu wa Malindi wanajua rangi ya bahari mto Sabaki unaposhuka na tope lake.

Wakati ambapo samaki wengi hupotea kimyakimya ni ule wa kumtoa kwenye mfuko wa safari na kumtia tangini. Samaki anayesafirishwa hunyimwa chakula siku moja au mbili ili asichafue maji. Kisha hufungwa katika mfuko wenye maji kidogo na oksijeni, akakaa humo saa nyingi. Hewa ya ukaa anayoitoa huyafanya maji kuwa na asidi, na asidi hiyo kwa bahati njema huifanya amonia iliyojikusanya isiwe kali. Sasa mfugaji anafungua mfuko. Hewa ya ukaa inapaa, asidi inashuka, na ile amonia iliyolala inaamka papo hapo. Akianza kudondosha maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili, kwa nia njema ya kumzoesha, anamwacha ndani ya sumu iliyo kali kuliko ile aliyosafiri nayo. Kwa samaki aliyetoka safari ndefu, acha mfuko uelee bila kufunguliwa hadi joto lilingane. Tayarisha mapema tangi la karantini lenye chumvi sawa na ya mfuko. Fungua, mtoe, mtie, na maji ya mfuko yamwage.

Nimesema tangi la karantini. Bila hilo, mimi simshauri mtu yeyote afuge samaki wa baharini. Kimelea cha vidoa vyeupe hukaa kwenye samaki siku tatu hadi saba, kisha hudondoka, hujifunga kwenye mchanga au jiwe, na humo hugawanyika hadi mamia ya wachanga, ambao hutoka kutafuta samaki. Dawa haivifikii vilivyojifunga, na vingine hukawia humo hata zaidi ya miezi miwili. Vidoa vikitoweka mfugaji hushangilia, kumbe ndiyo kwanza vinazaana. Tiba inayojulikana ni shaba, ile iliyomo katika mrututu, lakini kipimo chake ni chembamba mno: ikipungua haiui kimelea, ikizidi humuua samaki, na kiasi chochote cha tiba huua kamba, konokono na matumbawe. Kwa hiyo hufanywa katika tangi tupu lisilo na jiwe, kwa kupima kila siku, wiki kadhaa. Wiki hizo zina faida nyingine ninayoithamini kuliko hata dawa. Samaki peke yake, pasipo wa kumnyang'anya, ndipo anapofundishwa kula.

Hapo ndipo maneno yangu ya mwanzo yanaporudi na uzito wake. Maji tunayaweza. Chakula ndicho kinachotushinda, kwa sababu hatuulizi mapema. Katika miamba yetu wapo samaki kipepeo wasiokula ila nyama ya matumbawe yaliyo hai. Chaetodon trifascialis ni mmojawapo, anayeshikilia matumbawe ya jamii ya Acropora. Hakuna chakula cha kopo kitakachomshawishi. Yupo Zanclus cornutus, mwenye pezi refu kama utepe, ambaye picha yake iko kwenye kila duka la samaki duniani, naye hula sana sifongo na hufa tangini kwa maelfu. Kule Pasifiki ya magharibi yupo Synchiropus splendidus, mzuri kupita kiasi, anayedonoa kopepodi, vidudu vidogo mno vya majini, mchana kutwa. Ametiwa katika matangi mapya yasiyo na kopepodi, akaonekana ameshughulika na mawe siku nzima, na mwenye tangi akadhani anakula.

Mwaka 2003 kituo cha Umoja wa Mataifa cha uhifadhi kilichoko Cambridge, chini ya UNEP, kilitoa ripoti juu ya biashara ya samaki wa matangini. Kilikadiria samaki wa baharini milioni 20 hadi 24 kwa mwaka, wa aina 1,471. Ripoti hiyo iliwataja kwa majina msafishaji na huyo Synchiropus kuwa miongoni mwa wanaouzwa sana ilhali hawaelewani na maisha ya tangi. Kenya imekuwa mshiriki wa biashara hii kwa miongo mingi. Wazamiaji wetu hukamata kwa nyavu ndogo za mkono, kazi ya ustadi isiyotumia sumu ya sianidi iliyoharibu miamba ya Ufilipino, na mimi sisemi kazi hiyo ikomeshwe. Ni riziki halali ya familia za pwani. Nasema baadhi ya samaki watolewe kwenye orodha za wanunuzi, na wa kwanza awe msafishaji.

Sababu ninazo mbili. Ya kwanza nimekwisha kuieleza: anakwenda kufa na njaa. Ya pili inawahusu wavuvi mliokaa mbele hapa. Katika Kisiwa hicho hicho cha Lizard, watafiti waliondoa wasafishaji kwenye miamba midogo na kuhakikisha hawarudi, wakaiacha mingine kama ilivyo. Baada ya miaka minane na nusu, matokeo yakachapishwa mwaka 2011: pale wasipokuwepo, samaki wakazi walikuwa pungufu kwa asilimia 37, na aina zao pungufu kwa asilimia 23. Samaki wapita njia nao walipungua. Samaki mmoja wa urefu wa kidole akiondolewa, mwamba unaweza kupoteza samaki ambao mvuvi anawafuata kwa mshipi na dema.

Mfugaji naye anao wa kufuga. Samaki wa jamii ya Amphiprion, wale wanaoishi katikati ya anemoni, huzalishwa matangini tangu miaka ya 1970. Hula chakula cha kawaida toka utotoni. Anayetaka kuona samaki wakisafishana atafute Elacatinus oceanops wa Karibi, mdogo wa mstari wa buluu, ambaye naye huzalishwa na hula chakula kilichogandishwa bila shida. Au kamba msafishaji, Lysmata amboinensis, anayekula mabaki ya kila kitu. Synchiropus mwenyewe sasa huzalishwa matangini na kufundishwa kula chakula kilichogandishwa, na tofauti ya maisha yake na yule aliyekamatwa ni kubwa.

Kwa anayekwenda dukani kesho, namwomba jambo moja. Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji amlishe samaki huyo mbele yako, kwa chakula kile kile utakachompa wewe nyumbani. Usiridhike kuona samaki amekiendea chakula. Wengi hukichukua mdomoni na kukitema. Ngoja umwone amemeza, ukamtazame nyuma ya kichwa na tumboni, kisha mwambie muuzaji amweke na urudi baada ya wiki moja, umwone akila tena. Samaki aliyekufa ndani ya wiki hiyo hakuwa wa kuuzwa, na aliyebaki akila utaanza naye ukiwa umejua chakula chake.